Mtungi Ambao Kompyuta Ilisema Haupo

Nilikuwa nimemkaba Norman koo kwa mkono wa kushoto.

Mkono wa kulia nilishika kikombe cha maji, nakisukuma mdomoni mwake mpaka meno yakagonga bati.

"Kunywa, bosi."

"Muli, umewehuka... niachilie."

"Kunywa. Si kompyuta imesema kila kitu kiko sawa?"

Kabla hamjaniita muuaji, nisikilizeni.

Norman alikuwa meneja wa kiwanda cha rangi. Mimi nilikuwa mbeba mizigo wake. Mwaka wa 2005 wakaleta programu ya kompyuta ya kuchunga kemikali, ndiyo serikali na wateja waridhike. Kila mtungi wa sumu ulikuwa na namba. Ukiisha, lazima utobolewe, ukatwekatwe. Kisha Debra wa ofisini abonyeze, namba igeuke kijani: UMEHARIBIWA.

Debra alibonyeza.

Mitungi haikutobolewa.

Krismasi Norman akatugawia mitungi hiyo, eti zawadi. "Mpelekee mama wa nyumbani huu, wa kuwekea maji," akaniambia.

Mke wangu Ngina aliusugua mtungi wetu kwa sabuni na mchanga. Tukaanza kunywa... yeye zaidi, maana mimi nilishinda kazini. Akatapika damu. Nikamzika kabla ya Pasaka.

Nikaupeleka mtungi kwa Norman. Hata hakuniangalia, macho kwa kompyuta.

"Huo haupo, mzee. Uliharibiwa Novemba."

"Si huu hapa mezani?"

"Waulize majirani mkeo alikuwa anakunywa nini."

Akaita watu wauponde mbele yangu. Mimi nikafutwa kazi.

Ndiyo maana siku hiyo nilipanda ofisi yao ya tao, katikati ya jiji, na mtungi wa bluu kama ile ya kiwanda begani. Mwololo, askari wa mlangoni, alidhani naleta maji ya wageni. Ndani, Norman alikuwa anawaonyesha wateja ile programu. Namba zimemulikwa ukutani, ukuta mzima kijani.

Basi, turudi pale kooni.

Askari walinirukia. Rungu la kwanza lilining'oa jino. La pili likanilaza chini, buti ya mtu shingoni, damu inaingia machoni. Maji yakammwagikia Norman kifuani.

Akararua shati kama mtu aliyeungua. "Sabuni! Leteni sabuni!"

Mgeni mmoja, Munir, mkaguzi wa wateja kutoka Mombasa, akainama akasoma namba ya mtungi. Akamimina maji kidogo kwenye glasi, akaisogeza mdomoni polepole.

"Usinywe!" Norman akaipiga ile glasi ikapasuka ukutani. "Huo mtungi ulikuwa na sumu."



"Ndugu yangu," Munir akasema, "hapa ukutani pameandikwa mtungi huu uliharibiwa Novemba. Sasa wewe unaogopa nini?"



Nikajiburuta hadi kwa mtungi. Nikajaza kikombe, nikanywa chote, damu na maji pamoja.

"Ni maji safi ya mfereji," nikawaambia. "Mtungi ni mpya, nimenunua soko la Gikomba. Namba nimechora mwenyewe. Ni ya ule wa Ngina mliouponda."

Wateja walitoka bila kumpa mkono. Kiwanda kikafungwa.

Mimi nilifungwa miezi sita kwa kumkaba. Norman bado yuko Lavington, mtaa wa matajiri, ndani ya ukuta mrefu. Hiyo ndiyo haki ya wakubwa wetu.

Lakini shika hili, wewe unayesoma. Wakikuonyesha ukuta wa kijani, usibishane na ukuta.

Wape maji wanywe.