Kati ya Starlet na Demio

Siku ya soko, Bwera, watu walikuwa wamebanana. Kijana mmoja wa shati la samawati alisimama kati ya gari mbili kuukuu zilizowekwa kuuzwa, akamzibia njia Medius na furushi lake la vitenge kichwani.

“Kaka, nipishe.”

“Dada, ungekuwa wewe, ungechukua Starlet hii ama Demio?”

“Ningechukua ile inatoka njiani.”

Akacheka. Medius, ambaye kwa kawaida hapendi upesi, akapenda hapohapo. Huyo ndiye Tsongo, fundi simu wa Kasese.

Mapenzi yao yalikuwa na miezi mitatu sasa, na maneno ya simu yalikuwa yaleyale.

“Mpenzi, Starlet inakunywa mafuta kidogo, na spea zake hazikosi hata kwenye maduka ya Kinyamaseke.”

“Ichukue.”

“Lakini Demio iko na nafasi nyuma. Mama akipanda na matoke…”

“Basi chukua Demio.”

“Ila iko chini. Na barabara ya kwetu ni mawe tupu.”

“Tsongo! Baba anangoja mbuzi wa posa. Ulisema ukipata gari ndiyo utaleta wazee. Wazee wako hawana miguu?”

“Sheri wangu, usikasirike. Mutu anapima kwanza.”

“Na mimi ulinipima na nani?”

 

“Na Jamidah wa saluni,” akasema, maana kudanganya hakujui. “Lakini wewe ulishinda!”

Medius akakata simu, akaizima. Wiki nzima alikata vitenge kama anayekata shingo.

Jumamosi asubuhi bodaboda ikasimama kwao. Nyuma ya dereva, mbuzi. Nyuma ya mbuzi, Tsongo, vumbi mpaka kwenye kope, kola ya shati imetafunwa.

“Gari iko wapi?” Medius akauliza, mikono kiunoni.

“Zimeuzwa zote mbili, mimi bado napima. Nikasema, na Medius naye akichukuliwa je? Nikakimbia.”

“Peke yako? Mbuzi wa posa analetwa na wazee! Umeona wapi bwana harusi anamleta mwenyewe, kama anauza?”

Ndani, baba yake alikohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

“Rudi Kasese. Wazee wawe hapa leo, jua likiwa juu.”

“Sawa, mpenzi. Ila niwalete na gari gani? Jirani iko na…”

“Kwa miguu, Tsongo! Kwa miguu!”

Alifoka hivyo huku akimfunga mbuzi kwenye nguzo ya jiko la mama yake, mafundo mawili, Tsongo asiweze kurudi naye.