Kemilembe Aliyeitikia Tu

Kila alasiri Kemilembe alichota maji ndoo mbili, kisha akakimbilia karakana ya ushirika wa wavuvi, Kirumba. Huko Fundi Sato, Mjapani wa kujitolea aliyetengeneza injini za mitumbwi, alimfundisha Kijapani. Mama mzazi wa fundi, asiyejua lugha nyingine, angefika Mwanza Jumamosi, na Kemilembe ndiye angeshinda naye fundi akiwa kazini.

"Tabemasu," fundi aliandika kwa chaki. "Ninakula. Pia nitakula. Tabemashita, nilikula. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Wapi! Alikuwa ametoka kapa. Kula leo na kula kesho viwe neno moja? Lakini kwao mtoto hakumsumbua mgeni kwa maswali; mkubwa akisema, unaitikia. Basi akaitikia wiki tatu, na mwalimu, maskini, akazidi kusonga mbele.

Alhamisi mama yake, Adventina, alimkuta jikoni akilia.

"Una nini, mwanangu?"

"Mama, bibi anatoka mbali kote huko, nami nitamkodolea macho tu. Sielewi kitu. Nimemdanganya mwalimu."

"Mbona hukuuliza?"

"Ulisema nisimsumbue mgeni."

Adventina akaona haya. Alinawa mikono, wakaongozana hadi karakana.

"Shikamoo, mwalimu," Kemilembe alisema kwa sauti ndogo. "Sijaelewa. Tangu siku ile ya kula."

Alijua atafukuzwa. Fundi Sato akaweka spana chini, akacheka sana.

"Marahaba. Hata kwetu mtoto mwenye adabu huitikia tu! Sikiliza. Tabemasu haisemi ni leo au kesho. Siku unaitaja mwenyewe. Ashita ni kesho. Ashita tabemasu?"

"Kesho nitakula!"

Ijumaa nzima aliuliza mpaka fundi akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi bibi alikaa mkekani kwao, akala ndizi, akasema maneno marefu. Kemilembe hakuyashika. Akasema kwa Kijapani kwamba hajaelewa. Bibi akamshika mkono, akarudia polepole, mara ya pili, mara ya tatu.

"Anasemaje?" Adventina aliuliza.

"Anasema alimlilia mwanawe miaka miwili. Leo amemwona ana watu wake. Hatalia tena."

Adventina alifuta macho kwa pembe ya khanga.

"Mwanangu, nilikufundisha heshima nusu," alisema. "Kumsikiliza mkubwa ni heshima. Kumwambia umeelewa, na hujaelewa, ni kumwacha aseme peke yake. Kuuliza si ujinga."