Vema za Uongo

Kila asubuhi, kabla ya chai, shangazi yake Chiriku alisimamisha cherehani ili mtoto ahesabu mazoezi ya goti kwa utulivu. Alimsikia kutoka chumba cha pili: "Moja, mbili, tatu..." hadi thelathini. Kisha Chiriku alitia alama ya vema kwenye kadi ya hospitali.

Goti lenyewe lilikuwa limelala kitandani. Halikukunjwa hata mara moja.

Mguu wake ulivunjika juu ya goti alipoanguka kwenye ngazi za shule. Plasta ilipotolewa, goti lilikuwa gumu kama gogo, na kulikunja kuliuma mpaka machozi. Siku mbili alijikaza. Siku ya tatu akagundua kwamba mdomo unaweza kufanya mazoezi peke yake. Hawakumwita Chiriku bure.

"Kamanda, gwaride lini?" wenzake walimtania kwa jinsi alivyotembea. Alicheka nao. Lakini wiki ya pili alishindwa kuvaa soksi mwenyewe. Wiki ya tatu mguu wake ulikaa umenyooka katikati ya madawati, hata mwalimu akajikwaa. Siku hiyo Chiriku hakucheka.

Hospitalini, mtaalamu wa viungo, ambaye watoto walimwita Mama Viungo, alisugua kwanza viganja vyake vipate joto, ndipo akaligusa goti. Akaweka kipimo chake, kama rula mbili zilizounganishwa kwa skrubu.

"Mara ya kwanza lilikunjika digrii sitini. Wiki iliyopita hamsini. Leo arobaini na mbili." Akaitazama kadi iliyojaa vema. Akapima tena. "Mtoto anafanya kila kitu, na goti linazidi kukakamaa. Basi tatizo liko ndani." Akavuta karatasi na kuanza kumwandikia daktari wa upasuaji.

Shangazi alishika ukingo wa kiti. "Watampasua?"

"Watamlaza usingizi, walikunje kwa nguvu. Lisipokubali, watapasua."

Kalamu ilikwaruza karatasi. Chiriku alikodolea macho picha kuukuu ukutani, ya wanawake wenye vitambaa vyeupe kichwani.

"Wale ni nani?" aliuliza, ili mradi kalamu isimame.

Ikasimama. "Wauguzi wa zamani. Kazi yetu ilianza na watu kama hao, mwanangu. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, huko ng'ambo, walikanda wagonjwa kwa mikono. Wakazuka matapeli nao wakajiita wakandaji, kazi ikapata jina baya. Wauguzi wanne wakaunda chama, wakaweka kanuni na mitihani. Baadaye vita vikaleta majeruhi kwa maelfu, polio ikalemaza watoto, na watu wakaona kwamba kazi hii haina mchezo. Tunaaminiwa kwa sababu tunapima na kuandika kweli."

Akainamia tena barua.

"Usiandike," Chiriku alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nahesabu tu. Goti sikukunja."

Shangazi alimgeukia polepole. "Na mimi nasimamisha cherehani kila siku?"

"Vema ngapi ni za kweli?" Mama Viungo aliuliza.

"Mbili."

Hakumgombeza. Aliikunja barua ile, akaiweka kwenye droo bila kuichana. "Nakupa wiki mbili. Sijui kama tumechelewa."

Wiki hizo Chiriku hakuhesabu kwa sauti; aliuma meno akilikunja goti, na shangazi alimshika mkono. Siku ya kupimwa, wote watatu waliinamia kipimo. Hamsini na nane. Mama Viungo akaichana barua. Ilichukua miezi minne goti lipate kukunjika vizuri, na hata hivyo Chiriku hakuweza tena kuchuchumaa kabisa.

"Sikia, Chiriku," Mama Viungo alimwambia siku ya kuagana. "Ukimdanganya anayekutibu, atatibu ugonjwa usiokuwa nao, na ule ulio nao atakuachia. Mimi nilikuwa nakupeleka kwenye kisu kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikiamini nakusaidia."