Shavu la Kirimi

Mimi, Mawira, Kiranja Mkuu wa Afya wa bweni letu hapa Isiolo, nina heshima kuwatangazia ukweli wote kuhusu shavu la Kirimi. Cheo changu ni kikubwa mno: natunza ufunguo wa kabati lenye bandeji moja.

Asubuhi moja tukipiga mswaki, niliona shavu la Kirimi limefura kama la mtu anayetafuna miraa.

"Tema, bwana!" nikamwambia.

"Niteme nini? Jino linacheza tu."

Wenzetu walicheka. Matroni wetu, Madam Everlyne, hakucheka. Jioni alipekua kitanda cha Kirimi, akapata miraa chini ya godoro. Kirimi aliadhibiwa kufyeka uwanja. Kila alipolalamika, alijibiwa, "Acha kutafuna, utapona."

Wiki mbili baadaye mama yake, Makandi, alikuja kumtembelea. Alimfungua mdomo, akaona meno matatu yamelegea. Siku hiyohiyo akampeleka hospitalini. Kipande cha uvimbe kilipopimwa, ikawa ni kansa iitwayo limfoma ya Burkitt.

Wiki chache baadaye Madam alinichukua twende kumwona. Kirimi alikuwa kwenye dripu ya pili ya dawa za kansa, hana unywele hata mmoja, lakini shavu limeshuka.

Daktari Wacuka alitueleza. "Damu yetu ina seli B, zinazotusaidia kupigana na magonjwa. Kwa Kirimi, moja iliharibika, ikaanza kujigawa bila breki. Uvimbe kama huu unaweza kuwa maradufu kwa siku mbili tu. Bahati ni kwamba dawa zetu huua hasa seli zinazojigawa kwa kasi. Akimaliza dripu zote, tuna matumaini makubwa."

Siku mbili! Nikapandwa na hasira.

"Madam, mlimpotezea siku kumi na nne! Mnahangaika na vijiti vitatu vya miraa, mdomo wenyewe hamwangalii!"

Madam alinigeukia polepole. "Vitatu? Mawira, mimi sikumwambia mtu vilikuwa vingapi."

Nilitazama dari. Dari haikunisaidia.

"Mimi nilimhukumu mtoto kabla ya kumwangalia," Madam akasema. "Mtu akisema anaumwa, tumsikilize kwanza. Mzaha wa uongo unaweza kumnyima mgonjwa siku anazozihitaji. Kosa langu nimelisema. Lako?"

Kirimi alinikodolea macho. "Mawira, nilifyeka uwanja mzima, huku wewe ukiniletea maji!"

"Niliviweka mimi," nikasema. "Nilitaka tucheke tu. Ulipoanza kuumwa kweli, niliogopa kusema. Nisamehe, Kirimi."