Sanduku la Getruda

Kwiii. Kifuniko cha sanduku la bati kililia gizani.

"Getruda, unafungasha?"

"Lala, dada Teodora. Utamwamsha Winnie."

Nikawasha kibatari. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti, anakunja shuka nyeupe. Masista walimpa likizo aje Butimba kutuaga kabla ya kuanza unovisi, malezi ya kuwa sista. Luhende, waliyependana naye tangu zamani, alipomwona kanisani na gauni la mtumba akadhani ameacha usista. Akaja kumposa. Baba, kwa furaha, akakubali kupokea wajumbe Jumamosi bila kumuuliza binti.

"Mwambie Baba ukweli."

"Nimemwambia. Anasema akishatoa neno kwa watu halirudishi. Labda Luhende mwenyewe aghairi."

"Kwani humpendi?"

Alilainisha shuka kwa kiganja. "Nampenda, dada. Ila nikiwa kule ndiyo moyo unatulia."

Alfajiri Luhende akapitia jikoni kwetu, katoka zamu kiwanda cha samaki, ananuka sangara. Huku nikikoroga uji, Getruda akamweleza yote.

"Kuna mwanamume mwingine?"

"Angekuwa mwanamume ningekuambia mkapigane."

Luhende akacheka, kicheko kikageuka machozi. Winnie wangu, mtoto wa miaka minne, akamfuta kwa ncha ya khanga yangu.

"Nitamwambia mzee nimeghairi," akasema.

"Utamdanganya Baba?"

"Nitaungama Jumamosi. Nafasi ipo, wajumbe hawaji."

Akanyanyua sanduku, tukamfuata uani. Baba alikuwa anapiga mswaki wa mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe."

"Mzee, wajumbe hawatakuja. Nimeghairi."

Mswaki ukasimama mdomoni.

"Humtaki mwanangu?"

"Simtaki, mzee."

"Na sanduku lake unalipeleka wapi?"

"Kivukoni. Namsindikiza."

Baba akamtazama yale macho mekundu.

"Humtaki, halafu unambebea mzigo. Luhende, hata uongo hujui kusema."

Baba akatupa mswaki, akamchora Getruda msalaba kwenye paji la uso.

"Nenda, mama. Mwenyewe kakuachia."

Kisha akashika mkono mmoja wa sanduku.

"Shika huko, mwanangu. Tumsindikize wote."

Wakatangulia wawili, sanduku katikati yao. Winnie akanivuta khanga.

"Mama, babu naye analia."