Miaka Aliyosomewa Mlangoni

Jumanne asubuhi Saida alishika kipima mionzi chake akakigeuza huku na huku, asijue kinawashiwa wapi.

Miaka kumi na minane alikuwa akikiwasha kwa kidole gumba huku akipiga soga. Akacheka peke yake, akasema ni uchovu. Kisha akakitazama kidole chenyewe. Lile kovu la kuungua alilolipata mwaka wa kwanza wa kazi halikuwepo. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga.

Na ghala zima lilinuka fenesi lililooza, wakati Kisarawe yote siku hizo haikuwa na fenesi hata la dawa.

Tusidanganyane, alijua kosa liko wapi. Ghala lile la mabaki ya mionzi, vyuma vilivyochoka kutoka hospitali na viwandani, lilijengwa ukingoni mwa msitu, kwenye ardhi yenye mwenyewe, na mwenyewe si binadamu. Wazee walipoitoa ardhi walitoa na sharti lake: kila mkuu mpya wa usalama asimame mlangoni, aseme kwa kinywa chake mikono yake imefanya kazi gani. Basi. Jini hakudai shahada ya mtu. Mkuu wa kwanza alikuwa mwalimu wa fizikia, akasema hivyo. Wa pili alikuwa mwanajeshi. "Mimi nimelinda risasi tu, haya mengine nitafundishwa," akasema, na akastaafu mzima wa afya.

Wa tatu ndiye huyu Fabian, aliyekuwa meneja masoko wa kiwanda cha magodoro. Wakaguzi walipotaka wasifu wa viongozi, alimwita Saida ofisini, akafunga mlango.

"Dada Saida, nipambe bwana. Chukua hiyo miaka yako, niandikie mimi. Unaibu ni wako."

Saida hakushikiwa bunduki. Aliutaka unaibu, akaandika kila kitu tangu siku aliyoajiriwa. Na Jumatatu, zamu ya kujitaja ilipofika, Fabian aliona haya kutaja magodoro mbele ya wafanyakazi, akatoa karatasi ileile, akasoma kwa sauti: "Mikono hii imepima mionzi miaka kumi na minane." Ndani ya ghala, ambamo hamkuwa na mtu, kitu kikaguna. Mguno wa aliyeshiba.

Jumatano, kwenye picha ya wafanyakazi iliyotundikwa ukutani, pale alipokuwa amesimama Saida alisimama Fabian. Hakuna aliyeshangaa.

Jioni, nyumbani Tangini, Kibaha, binti yake Naila alimpakulia chakula. Naila alikuwa na miaka kumi na sita, na ndiye mtu pekee aliyekuwa naye Saida, maana baba mtu aliondoka mtoto hajaota jino. Binti aliketi akamkazia macho.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Hamna. Nilikuwa najiuliza umehamia hapa lini."

"Naila! Utani gani huo?"

Naila hakucheka, akaendelea kutafuna polepole huku akimtazama, na harufu ya fenesi ikapanda kutoka kwenye sahani, kutoka kwenye pazia, kutoka kwenye nywele za mtoto mwenyewe, mpaka Saida akasukuma chakula, akaenda kujifungia chooni na kutapika bila sauti.

Alhamisi alimfuata Bi Mwanahalima, msafishaji wa ghala, ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa wazee waliotoa ardhi.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Umekuja kulia, eeh? Ulipokuwa unaandika hukulia."

"Bi, nisaidie. Ananichukua."

"Nani anakuchukua? Mwenyewe kapewa maneno, kayaamini. Kasomewa miaka ni ya yule bwana, kampa." Bi Mwanahalima akashusha sauti, akatazama mlango wa ghala. "Hebu niambie. Ndani ya miaka hiyo, ulizaa?"

Saida akaitikia kwa kichwa.

"Mungu wangu. Basi na mtoto yumo. Kamlilie bosi wako aende mlangoni leo, kabla jua halijazama, akane kwa kinywa chake. Wewe huwezi kumkania."

Alimkuta Fabian amevaa koti la kazi, anasoma kipima mionzi kwa jicho moja, kidole gumba kimetulia juu ya kitufe. Kwenye kidole hicho kulikuwa na kovu.

"Bosi, nenda mlangoni. Sema uliuza magodoro. Neno moja tu."

"Wakaguzi wako getini, Saida. Na mimi kazi naijua sasa. Naijua kweli, unaelewa? Usiku silali kwa raha ya kujua."

"Nakupigia magoti. Mwanangu anapotea!"

Fabian akamtazama kwa huruma, ile huruma ya kumhurumia kichaa. "Mwanao yupi? Naila? Naila amenipigia asubuhi, nimemwambia afungashe, nitamfuata jioni. Siku aliyozaliwa kulikuwa na mvua, mpaka leo naisikia ile mvua kwenye bati."

Saida alikimbia, akapanda bodaboda, akamwambia dereva aende, aende tu, na njia nzima alikuwa akilitaja jina la mtoto kwa sauti asije akaliangusha, Naila, Naila, dereva akidhani ni jina la mtaa, na walipoanza kuingia mjini Kibaha jina lilikuwa limepungua mdomoni, limebaki mwanzo wake, na jua lilipozama alikuwa bado anatembeza midomo bila kujua anasema nini.

Alishuka mbele ya nyumba moja ya Tangini. Msichana alikuwa akitoka getini na begi, amevaa vizuri, anatazama barabarani kama anayesubiri gari.

"Shikamoo," msichana alisema kwa adabu. "Unamtafuta nani, mama?"

Saida alifungua mdomo. Alijua amekuja mbio, na kwamba kuna mtu aliyetaka kumwahi. Alitafuta, akatafuta tena, na kichwani mlikuwa mweupe kama nyumba iliyohamwa.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, kama anavyoitikiwa mtoto wa mtu yeyote, kisha akasogea pembeni amwachie njia.