Pepo Aliyevunjiwa Kiti

Hebu niambie wewe unayejidai umeendelea: umeshawahi kuona simu inachemka kama kikaango, imeandika "charging" kwa madaha, na chaji yenyewe inashuka?

Ndivyo ilivyoanza. Jambo dogo tu, la kukasirisha, si la kutisha. Alamin, dereva wa gari la watalii pale Galu, alilaza simu yake juu ya kile kibao cha chaji isiyo na waya, kilichojengewa ndani ya gari kando ya gia. Taa ikawaka kijani. Asilimia tisa. Alipotazama tena, nne. Gari likaruka tuta, simu ikateleza upana wa kidole, chaji ikakatika. Akairudisha katikati, polepole, kama anayembembeleza mtoto wa watu.

Si achomeke waya? Achomeke wapi? Mwenye gari, Owen, mtu wa bara, alikuwa ameyaziba matundu yote ya waya kwa gundi. "Waya ni uchafu, buda," aliwaambia madereva. "Clients wanataka clean look. This car is the future." Pawabanki nazo akapiga marufuku, eti zinafanana na bomu. Na msiniletee habari za bara na pwani hapa. Mabosi wetu wa nyumbani ni wale wale, wanatofautiana kofia tu.

Alamin alikuwa na sababu ya kuitaka simu ile hai. Dada yake Hasina alikuwa na mimba pevu kule Bodo, na walikuwa wameagana: uchungu ukianza apige, gari lije. Siku ulipoanza, Alamin alikuwa Msambweni, karibu kabisa, gari tupu, akiwasubiri wageni wamalize kula. Taa ya kibao ilikuwa inawaka kijani. Simu juu yake ilikuwa maiti. Hasina akapiga, akapiga, akapiga. Mtoto alitoka salama, wa kike, akaitwa Biasha. Mama alivuja damu pale pale mkekani mpaka akakata roho.

Baada ya hitima, kibao kikaanza kulia.

Ting.

Hakukuwa na simu juu yake. Gari lilikuwa limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Alamin.

Ting.

Halafu harufu: marashi ya mawardi yaliyochanganyika na damu ya uzazi, ikipanda kutoka kwenye kibao kama mvuke wa sufuria. Na sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kuita:

"Kaka Alamin. Uko wapi, kaka?"

Alikwenda mbio mpaka Bodo, kwa Bi Mapenzi, mganga aliyemjua Hasina tangu utotoni.

"Shikamoo, bibi. Dada yangu amerudi."

"Marahaba, mwanangu. Dada yako hakurudi. Aliyekwenda kwa Mola harudi. Huyo ni pepo wake, wa kurithi, alitoka kwa nyanya yenu. Hasina alikuwa kiti chake."

Ndivyo watu wa huku wanavyosema: mtu anayekaliwa na pepo ni kiti cha pepo huyo.

"Sasa kiti kimevunjika," Bi Mapenzi akanong'ona, "naye anatafuta kingine. Damu ile ile ndiyo rahisi kwake. Mtoto ananyonya?"

Alamin alitikisa kichwa. Biasha alikuwa amelikataa ziwa la shangazi yake, aliyemchukua kumnyonyesha, tangu juzi, na asubuhi ile alikuwa amecheka, mtoto mchanga, kicheko kizito cha mwanamke mzima.

"Basi anikalie mimi," alisema.

"Utamuweza?"

"Nisipomuweza mimi, atamuweza mtoto wa kubebwa?"

Kesho yake, jua la utosi, saa ambayo kwetu watoto hukatazwa kutoka nje, Bi Mapenzi alifukiza ubani ndani ya gari, nyuma ya hoteli, milango wazi. Alamin alikuwa ameshainua mguu aingie garini, Owen alipotokea mbio, miwani kichwani.

"Wee! Moshi kwa leather yangu? Are you people mad? Bibi, unafanya nini hapa?"

"Kuna mgeni, mwanangu. Tunamtafutia kiti."

Ting.

Owen akacheka. "Kiti? That's it? Hii gari iko na viti saba, na zote ni zangu." Akamsukuma Alamin kando, akajitupa kwenye kiti cha dereva, akalaza simu yake juu ya kibao. "Si mumwite huyo mgeni akae! Karibu, boss, feel at home!"

Bi Mapenzi alimtazama Alamin. Neno moja lingetosha: toka. Alamin alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza.

Ting.

Milango ikajifunga yote kwa pamoja, na harufu ya mawardi na damu ikajaa hadi vioo vikatoa jasho, na mkono wa Owen ulioishika simu ukagandamana na kibao, akavuta, ukakataa, akavuta tena huku ngozi ikifuka moshi, na tumbo lake, tumbo la mwanamume, likaanza kukaza na kulegea, kukaza na kulegea, mpaka akainua miguu juu ya dashibodi na kupiga ukelele ambao kila mwanamke aliyekuwa jikoni mwa hoteli aliutambua akaweka kisu chini, kwa kuwa haukuwa ukelele wa kuungua, ulikuwa wa kuzaa, na ndani yake ikatoka sauti nyingine, tulivu, kwa kinywa kile kile:

"Aliyenivunjia kiti amenilipa kiti. Nimekaa."

Simu ya Bi Mapenzi, kile kisimu chake cha batani, ikaita. Alikuwa shangazi, kutoka Bodo. Biasha ananyonya.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mapenzi. Hakulitazama gari tena.

Owen amezungushwa hospitali na makanisa. Kila simu anayoigusa huzima. Huita kutwa, "Kaka, uko wapi?", kwa sauti isiyo yake. Mwishowe jamaa zake wakamleta kwa Bi Mapenzi apungwe, naye akamuuliza pepo kama wanavyoulizwa mapepo wote: unataka nini? Pete? Leso? Mawardi?

"Huyu alitia gundi tu," pepo akajibu. "Nawataka na wenzake."

Basi ninyi wenzake, mnaowanyima madereva waya ili gari lipendeze machoni mwa wageni, na ninyi mliokaa kwenye AC mkabuni kibao kinachowaka kijani juu ya simu iliyokufa, mkaita ujinga huo innovation: zibueni matundu, leo. Kisha njooni Bodo, mmoja mmoja, mkae chini mbele ya Biasha, mumwambie kwa vinywa vyenu kwa nini mama yake aliita na hakuna aliyeitika.